WATOTO WETU WA KIUME SI MAGWANGALA!



Kama hulijui neno magwangala, basi hujafika Geita. Mgodi mkubwa ukishapasua mlima na kuchambua mwamba wenye dhahabu ya kumlipa tajiri, yale mawe yanayobaki humwagwa pembeni yakawa vilima. Hayo ndiyo magwangala. Kwa miaka mingi vijana wa Geita wamekuwa wakiyaomba kwa kila kiongozi aliyepita, na waliochoka kuomba wakawa wanaruka uzio usiku, wanakimbizana na walinzi ili wapate kiroba kimoja wakaponde.

Basi mawe hayo ya taka yakapanda hadi majukwaani. Serikali ya Awamu ya Tano, iliyoingia Ikulu mwaka 2015, ikaagiza vijana wapewe magwangala. Watu wakashangilia. Vigelegele vikapigwa.

Mimi nauliza: hivi ni mzazi gani anayepiga vigelegele mwanawe anapopewa makombo ya chakula kilichopikwa nyumbani kwake?

Nisieleweke vibaya. Mwenye njaa akipewa makombo atakula, na simlaumu kijana aliyeponda mawe yale akapata hela ya unga. Kinachoniuma ni kwamba hatukushtuka. Mtoto wa Geita, aliyezaliwa juu ya dhahabu, ameshaaminishwa kwamba fungu lake ni kile kilichomshinda tajiri. Na imani hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa. Leo nataka tuseme alifundishwa wapi, alifundishwa na nani, halafu tuseme la kufanya.

NENDA UKAONE MWENYEWE

Toka Mwanza, vuka lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, teremka Geita mjini, kisha panda bodaboda hadi Nyarugusu au Rwamgasa. Nenda siku ya shule, saa nne asubuhi. Utawakuta.

Mmoja kabeba kiroba cha mawe begani. Mwingine yuko kwenye karasha, katapakaa vumbi mpaka kope. Wa tatu yuko mwaloni, anakoroga mchanga na zebaki kwa mikono mitupu kama mama anayekanda unga wa chapati. Muulize umri. Atakuambia kumi na nane. Wote wana kumi na nane! Hata yule ambaye sauti yake bado haijavunjika.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti yake baada ya kuzunguka machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilikuta watoto wa miaka minane wakifanya kazi machimboni. Miaka minane, ndugu msomaji! Huyo ni mtoto wa darasa la pili, ambaye bado anang'oka meno.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo ipo. Sheria tunazo za kujaza kabati! Lakini mkusanya ushuru anayepita machimboni kila siku hamwoni mtoto. Anaona risiti.

Na ardhi haiulizi cheti cha kuzaliwa. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa Nyarugusu, wakakaa chini siku kadhaa kabla ya kuokolewa. Januari 2024 watu 22 walipoteza maisha katika machimbo ya Bariadi, mkoani Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Agosti 2025 wengine 25 wakafukiwa Nyandolwa, Shinyanga. Kila mara wakubwa hufika na msafara wa magari, huvaa kofia ngumu, hutoa ubani, hupiga picha na kuondoka. Mimi sijasikia hata mmoja akiuliza: hawa waliacha shule wakiwa darasa la ngapi, na ni kitu gani kiliwaondoa?

SHULE NDIYO ILIYOMFUKUZA

Tumezoea jibu rahisi. Eti vijana hawapendi shule! Eti Wasukuma wanapenda ng'ombe kuliko vitabu! Eti ni watoro tu! Wenye kusema hivyo watoto wao wako bweni, Nairobi na Kampala, au kwenye zile shule za mabasi ya njano.

Hebu tumfuate mtoto mmoja wa kijijini, tuone njia yake ilivyo.

Nyumbani anazungumza Kisukuma. Alfajiri anatoa ng'ombe wa baba, kisha anakimbia kilomita kadhaa kwenda shuleni. Serikali yenyewe imepanga darasa moja la shule ya msingi lisizidi wanafunzi 45. Nenda ukahesabu katika kata yoyote iliyokumbwa na rashi ya dhahabu, ambako watu huhamia kwa maelfu ndani ya mwezi, uone kama utaishia 45. Amekaa chini au wamebanana wanne kwenye dawati moja. Tumboni hana kitu tangu jana usiku. Mwalimu hajui jina lake, na simlaumu mwalimu, maana nani angeweza kuyajua majina yote yale?

Akichelewa, kiboko. Akikosa hesabu, kiboko. Akiuliza swali mara mbili, anaitwa kilaza mbele ya wenzake, nao wanacheka. Kanuni za Serikali zinasema adhabu ya viboko isizidi vinne, na itolewe na mwalimu mkuu au mtu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Nani anazifuata? Mwaka 2018 kule Bukoba mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Wote tukapiga kelele wiki moja, kisha tukarudi kwenye mpira wa Simba na Yanga. Na mvulana ndiye anayechapwa kwa moyo mmoja, kwa sababu tumeamini kwamba kumpiga ni kumkomaza. Akilia anaambiwa, "Wewe mwanamume gani?" Basi anajifunza kutolia. Na akishajifunza kutolia anajifunza pia kutosema, kutouliza, kutoomba msaada. Halafu akifika miaka 20 tunamshangaa, eti kijana huyu mbona hajiamini mbele ya watu!

Akibahatika kufaulu anaingia sekondari ya kata. Hapo anakutana na kisanga kingine. Miaka saba alifundishwa kwa Kiswahili, sasa ghafla kila kitu ni Kiingereza. Yule aliyekuwa mtundu wa hesabu anakaa kimya kama bubu. Si kwamba akili imekwisha; maneno ndiyo hana. Lakini yeye hajui hivyo. Anachojua ni kwamba jana alikuwa na akili na leo hana.

Mmesahau Februari 2013? Yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000 wakapata sifuri. Asilimia 60 ya waliofanya mtihani! Serikali ikapata aibu, ikayafuta, ikayapanga upya. Waziri hakujiuzulu. Aliyeambiwa ni sifuri ni mtoto. Nchi nzima ilifeli, halafu cheti cha kufeli akapewa mtoto wa miaka 17 aende nacho nyumbani akamwonyeshe mama yake!

Sasa kijana huyo, ambaye darasani ni sifuri, akifika kwenye duara anaambiwa, "Dogo una nguvu, shuka." Analipwa jioni. Ananunua viatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu mzima amemwambia kwamba anafaa. Wewe ungerudi shule?

UZIO MREFU

Lakini shule haikuanza peke yake. Kabla ya shule kulikuwa na uzio.

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Canada. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54 na nusu, na binti mfalme wa Uingereza akapewa zawadi ya harusi. Babu zetu wa Shinyanga walikuwa nje ya uzio, na waliokuwa ndani walikuwa na sururu mkononi. Mwenye kalamu alikuwa mwingine, na rangi yake ilikuwa nyingine. Mtoto mweusi wa miaka ile aliangalia kwenye uzio akajifunza somo moja bila mwalimu: akili iko kwa yule, kwangu kuna misuli.

Tukapata uhuru mwaka 1961. Tulitegemea somo hilo lifutwe ubaoni. Kwa kweli Mwalimu Nyerere alijaribu. Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasema waziwazi kwamba elimu ya mkoloni ilimfundisha Mwafrika kujiona duni. Ada ya shule ya msingi ikaondolewa, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto aende shule. Yalikuwa na kasoro zake, lakini mtoto wa mchungaji wa ng'ombe alikaa dawati moja na mtoto wa mkuu wa wilaya.

Kisha zikaja zama za ruksa na za uchangiaji, na baada yake zama za wawekezaji. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo walifukuzwa Bulyanhulu, Kahama, kuipisha kampuni iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Canada. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yamepingwa na Serikali na kampuni hadi leo, na waliothubutu kuyasema hadharani, akiwamo wakili Tundu Lissu na mwanasiasa Augustine Mrema, waliburuzwa mahakamani kwa uchochezi. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi ukafunguliwa kwa mbwembwe. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000.

Mtoto wa kiume aliyekuwa na miaka kumi siku baba yake anafukuzwa Bulyanhulu, leo ni mtu wa miaka 40 na ana watoto wake. Unafikiri anawasimulia nini juu ya kusoma sheria, juu ya kuomba haki, juu ya mtu mweusi kujiamini katika ardhi yake? Anawaambia, "Mwanangu, tafuta chako upesi kabla hawajaja."

Chukua mfano mwingine, Buzwagi, hapo hapo Kahama. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa kufunguliwa alitakiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2019. Yaani mgodi mzima ulizaliwa, ukaishi na kuzeeka ndani ya umri wa shule wa mtoto mmoja! Kama mvulana huyo alisomeshwa vizuri, Kahama imebaki na dhahabu. Kama aliachwa abebe viroba, Kahama imebaki na shimo.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa sikiliza inavyopotea.

Kijana anashuka kwenye duara. Mawe yanatoka. Kabla hajapewa fungu lake, kunatolewa gharama: dizeli ya pampu, magogo ya kushikilia kuta, chakula. Nani anaandika gharama hizo? Mwenye duara. Nani anazikagua? Hakuna. Kijana aliyeacha shule darasa la nne anaambiwa, "Dogo, safari hii gharama zimekula sana." Anatikisa kichwa. Atauliza nini?

Anapeleka fungu lake kusaga, anaosha mwaloni kwa zebaki, anapata punje yake. Ule mchanga uliobaki, unaoitwa marudio, anauacha kwa mwenye mwalo. Hapo ndipo kilipo kiini macho! Zebaki haikamati dhahabu yote. Sehemu kubwa inabaki kwenye marudio, na mwenye nayo anayapeleka kwenye mitambo ya sianidi anavuna kwa utulivu. Aliyeshuka chini ya ardhi kachukua kidogo, aliyekaa kivulini kachukua kingi. Tofauti yao ni nini? Somo la kemia! Mmoja anajua, mwingine hajui. Na zebaki ile ile aliyoikoroga kwa mikono na kuichoma bila kinga inamtafuna mishipa ya fahamu pole pole.

Serikali ilifungua masoko ya madini, la Geita likiwa la kwanza, Machi 2019. Ni jambo jema, na sisi wa upinzani si vipofu. Lakini mzani wa soko unamsaidia aliyefika sokoni. Yule dogo wa duara hafiki. Mali yake imeshapitia mikono mitatu.

Msomaji, jambo hili si geni Usukumani. Miaka ya 1940 wakulima wa pamba waligundua kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Walifanya nini? Walichagua watu wao wenyewe, wenye kujua kusoma, wakasimama kwenye mizani kuikagua. Kutokana na vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kikiongozwa na kijana Paul Bomani ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafikisha. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, ukamiliki vinu vyake wenyewe vya kuchambulia pamba. Watu weusi, chini ya mkoloni, bila mwekezaji!

Silaha yao ilikuwa kijana anayejua kusoma mizani na asiyeogopa kumwambia mnunuzi, "Bwana, rudia kupima." Mambo mawili: kujua, na kuthubutu. Ukimpa mtoto moja ukamnyima la pili, umemwacha njiani. Msomi mwoga anapunjwa huku anaona. Shujaa mjinga anapunjwa huku anapiga kelele.

Sasa jiulize kwa nini watawala hawana haraka na jambo hili. Kijana anayeweza kusoma mizani ya dhahabu ataweza pia kusoma mkataba. Akisoma mkataba, atasoma na matokeo ya kura kituoni.

DHAHABU IMEPANDA, MTOTO KABAKI PALE PALE

Wataleta hoja ya elimu bure. Tuhesabu pamoja, maana hesabu haina chama.

Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002 uliweka ruzuku ya Dola 10 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, wakati ule kama Shilingi 10,000. Elimu bure hadi kidato cha nne ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilikuwa ngapi? Shilingi 10,000 zile zile! Kwa Dola zilikuwa zimeshuka hadi chini ya tano.

Katika muda huo huo wakia moja ya dhahabu ilitoka kama Dola 310 mwaka 2002 hadi kama Dola 1,100 Januari 2016. Jiwe limepanda bei zaidi ya mara tatu, mtoto kashuka nusu. Na mwaka 2025 wakia moja ikavuka Dola 3,000. Kwa bei hiyo gramu moja tu ya dhahabu safi, kitu kisichojaza kisoda, ni zaidi ya Shilingi 200,000. Ingelipa ruzuku ya watoto 20 kwa mwaka mzima, kwa kiwango kile cha 2016!

Na halmashauri zetu? Sheria ilitaja ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Lakini kwa miaka mingi mikataba iliyosainiwa na wakubwa ikaruhusu mgodi mkubwa kulipa Dola 200,000 kwa mwaka, basi, hata dhahabu ipande hadi mbinguni. Nani aliipigia kelele mikataba hiyo? Waliosoma. Nani aliisaini? Waliosoma pia, ila wao watoto wao hawabebi viroba.

MSITUGOMBANISHE NA DADA ZETU

Najua watakaosema, "Huyu anataka watoto wa kike waachwe." Mwongo mkubwa huyo!

Shinyanga imekuwa ikitajwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Binti anabadilishwa kwa ng'ombe akiwa na daftari mkononi. Rebeca Gyumi alipoishitaki Serikali juu ya Sheria ya Ndoa akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikasimama naye mwaka 2019, alitupigania sote. Nampa heko.

Lakini nauliza, mvulana ana wakili gani? Binti akikosekana darasani, walau siku hizi mtu huuliza kaolewa au ana mimba. Mvulana akikosekana, mwalimu anaandika herufi moja kwenye daftari la mahudhurio, "mtoro", na habari inaishia hapo. Na ngoja niseme wazi: yule mvulana aliyeachwa bila shule ndiye kesho atakayemwoa binti wa miaka 15 kwa pesa ya duara. Ukimwacha mmoja gizani, mwingine hatabaki kwenye mwanga. Mtumba ni ule ule, tusigombanie mikono yake.

Tena Novemba 2021 Serikali ilipotoa waraka wa kuwarudisha shuleni waliokatiza masomo, magazeti yote yaliandika juu ya wasichana waliojifungua. Ni sawa kabisa. Ila waraka ule ulihusu waliokatiza kwa sababu mbalimbali. Mvulana wa machimbo naye yumo! Je, kuna mkuu wa shule aliyekwenda kwenye duara kumwambia?

NA SISI TUSIJITIE USAFI

Chama Tawala kinamkumbuka kijana miezi miwili kila miaka mitano. Kinampa fulana, kofia na nauli ya lori, kinamwita nguvu kazi ya Taifa, kisha kinamtema kama muwa. Hilo mnalijua.

Lakini sisi wa upinzani tumefanya nini? Na sisi tunamtaka aje mkutanoni apige mluzi. Tunamtaka alinde kura usiku. Akivunjwa mguu, tunamtembelea hospitali mara moja. Ni matawi mangapi ya vyama vyetu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro, yenye hata rafu moja ya vitabu? Ni ofisi ngapi zinazofungua mlango saa moja jioni ili kijana afundishwe kusoma fomu ya matokeo anayotumwa kuilinda? Tukimtumia misuli tu, tumekuwa mwenye duara mwingine.

Na wewe kijana wa kijiweni, unayesoma gazeti hili la kuazima huku unamsubiri mwenzako amalize kurasa za michezo, usicheke. Mdogo wako yuko wapi saa hizi? Mara ya mwisho kulishika daftari lake ni lini? Ulipomwita mbumbumbu mbele ya marafiki zako, ulidhani unatania. Yeye alikuamini.

TUFANYE NINI?

Sisubiri Serikali ibadilike ndipo nianze, na wewe usisubiri. Yapo ya kudai na yapo ya kufanya wenyewe.

La kwanza, dai hesabu. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kikao cha Baraza la Madiwani kiko wazi kwa mwananchi. Nenda kakae! Nendeni ishirini, mmevaa mashati safi, kila mmoja na kalamu. Ulizeni: ushuru wa huduma mwaka huu ni kiasi gani? Umejenga madarasa mangapi, na kata ipi? Walimu wa kata za machimbo wana nyumba? Diwani akiona kalamu ishirini atatokwa jasho kuliko akiona mawe ishirini.

La pili, tudai uji. Mtoto aliyeshiba mchana harudi duarani kutafuta andazi. Gunia la mahindi ni rahisi kuliko kamati ya maafa. Wazazi watoe mahindi, halmashauri itoe mpishi na kuni kutokana na pesa ya dhahabu.

La tatu, tudai kiboko kirudi ndani ya kanuni na matusi yakome. Mkutano mkuu wa kijiji ni wenu. Muiteni mwalimu mkuu kwa heshima, kaeni naye, msikilizeni na yeye, maana naye ana madai yake ambayo hayajalipwa.

La nne, kwa wale waliokwisha toka. Njia zipo na hazitangazwi. Kuna MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi. Kuna mtihani wa maarifa, QT, kwa anayetaka kidato cha nne bila kurudi kuvaa kaptula. Kuna VETA, ambako kijana anayezijua pampu na mota kwa mazoea anaweza kutoka na cheti. Asikwambie mtu umechelewa. Julius Nyerere alipelekwa shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, umri ambao leo tunasema mtoto kaishapotea.

La tano ndilo langu na lako. Kila aliyefika kidato cha nne, mtaani kwake, achukue wavulana wawili. Wawili tu! Jioni mbili kwa wiki. Wafundishe kusoma mzani, kukokotoa asilimia, kuandika gharama za duara kwenye daftari la Shilingi 500. Na siku wakikosea usiwacheke. Waambie, "Jaribu tena, unaweza." Utashangaa jinsi maneno hayo yalivyo machache kwenye masikio ya mtoto wa kiume wa nchi hii.

Watasema hayo ni madogo. Wale wakaguzi wa mizani ya pamba nao walikuwa wachache, na kazi yao ilikuwa kuangalia mshale mmoja tu usimame panapotakiwa. Mkoloni aliwacheka. Baadaye aliwaogopa.

Mlima wa Geita wameshaupasua na hautarudi. Dhahabu iliyosafirishwa haitarudi. Lakini mtoto bado yupo, anakuja kesho asubuhi kubeba kiroba. Yeye si jiwe lililobaki baada ya tajiri kushiba, na asikubali mtu yeyote, wa chama chochote, wa rangi yoyote, amwambie hivyo. Kesho ukimkuta njiani, mpokee kiroba, umuulize alikuwa darasa la ngapi.

Mungu ibariki Tanzania.